Nyasi Zangu na Maua ya Mama Yako

Mutheu, mwaitu,

Wanawake wamenifukuza jikoni. Nilikuwa nimeingia kuonja supu tu, shangazi yako mkubwa akanishika bega na kunielekeza mlangoni kama mtu anayetoa kuku nje. Huko uwanjani vijana wanafunga hema, na hawataki fundi wa vyuma awaambie kamba inafungwaje. Basi nimekuja kukaa stoo, juu ya gunia la mbaazi, nikachukua karatasi. Kesho mtafunga ndoa, jioni mtaondoka kwenda Kitui, na katikati ya hapo hakuna atakayenipa nafasi ya kuzungumza nawe.

Wewe nimekuita mwaitu tangu ulipozaliwa, kwa sababu ulibeba jina la mama yangu, na mtu hamfundishi mama yake kazi za nyumba. Sitakuambia namna ya kupika wala namna ya kuishi na watu wa Mutua. Mashangazi wamekufungia chumbani tangu asubuhi wakikuambia hayo, na kwa vicheko nilivyovisikia, mengine si ya masikio ya baba. Mimi nataka kujibu swali lako. Juzi tukinywa chai uliniuliza, "Baba, pale mbele ya nyumba yetu Kitui kuna nafasi kidogo. Nipande nyasi ama nipande maua?" Mama yako akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Mimi nikainuka nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Sisi hatuna ng'ombe.

Hukuelewa, kwa sababu mambo hayo yakitokea wewe ulikuwa kazini Kitui, na uliyoambiwa kwa simu yalikuwa ya upande mmoja. Leo sikiliza upande wangu.

Yote yalianza na geti. Nilikuwa nimechomelea geti kubwa kwenye karakana hapo mjini Salama, lenye mikuki juu, nikalipeleka kwa mzee mmoja aliyejenga upande wa Kitengela. Tulipomaliza kulisimamisha akasema njoo unywe chai. Nikadhani tunaingia ndani, kumbe viti viko nje, juu ya nyasi. Mwaitu, zile nyasi! Fupi, zimebanana, kijani kutoka mlangoni hadi ukutani. Mzee alikuwa amevua viatu. Nami nikavua vyangu. Soksi ilikuwa na tundu, nikavua na soksi. Nilipoweka nyayo pale chini, ubaridi ukapanda mpaka magotini. Nyayo zangu zimezoea cheche za moto na mchanga wa hapa kwetu Kasikeu. Mzee akauliza kama sukari inatosha. Nikamwambia inatosha, na chai nilikuwa bado sijaigusa.

Nilirudi nyumbani kama mtu mwenye homa. Nikasimama getini nikaangalia boma letu. Udongo mwekundu, ambao mama yako huufagia kila asubuhi mpaka unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Na pande zote mbili za njia, yale maua yake ya vinka, ya pinki na meupe, yenye kijicho katikati. Alikuja nayo kutoka kwao alipoolewa, miche imefungwa kwa gazeti, na tangu hapo hayajawahi kumsumbua mtu. Akikumbuka anayamwagia maji ya kuoshea vyombo. Asipokumbuka yanachanua tu. Kiangazi kikizidi yanakunja majani mchana, jioni yanakunjua tena. Yakizeeka yanaangusha mbegu, mengine yanaota hapo hapo. Nilikuwa nimepita katikati yake miaka yote ya ndoa bila kuyaona. Siku hiyo niliyaona, na nikayaona vibaya.

"Haya maua," nikamwambia mama yako, "ni ya makaburini."

Alikuwa anachagua maharagwe. Hata kichwa hakuinua. "Haya ni ya nyumbani," akasema. "Ya makaburini nitakupandia ukifika huko."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilienda Sultan Hamud kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Akanionyesha magunia ya nyasi za Kikuyu, akaniapia kwamba nikizipa maji itabidi nifunge mlango usiku zisinifuate kitandani.

"Na jua la kwetu?" nikamuuliza.

"Mzee, jua ndiyo chakula yake."

Nikamwamini, maana ndivyo nilivyotaka kuambiwa. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi maishani, na si kwa nyasi peke yake. Pikipiki ile iliyokufa tukielekea kwa nyanya yako pia niliinunua hivyo hivyo.

Sasa mahali pazuri pa kupanda palikuwa pale mbele, na pale mbele palikuwa na vinka. Nikangoja mama yako aende mazoezi ya kwaya, nikashika jembe. Aliporudi alinikuta nimepiga magoti napandikiza nyasi, shina baada ya shina, na maua yake yamelala rundo kando ya geti. Akasimama na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Baba Mutheu, maua yangu yako wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono wenye matope. Nikaanza kumweleza habari za Kitengela, ule ubaridi, zile nyayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga leso kiunoni, akachukua karai, akaokota mche mmoja mmoja akaenda kuupanda upya kwenye ukingo mwembamba kati ya nyasi zangu na ukuta wa nyumba. Ningefurahi kama angepiga kelele, kwa sababu kelele najua namna ya kuijibu.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na kwa kweli nyasi zilishika. Zilitambaa zikakutana. Kila jioni nikitoka Salama nilikuwa nasimama getini kwanza, nizitazame, ndipo niingie. Nilizikata kwa fyekeo, na pembeni nikazikata kwa mkasi wa kushonea wa mama yako, jambo ambalo aligundua alipojaribu kukata kitambaa. Halafu nikaanza kuona watu wanazikanyaga. Nikachukua bati nene, nikachomelea herufi moja moja: USIKANYAGE. Nikaisimamisha katikati kwa zege.

"Umepanda nyasi," mama yako akaniuliza, "ama umeandika askari?"

Siku kina mama wa kanisa walipokuja kutuombea, ilibidi wapite kando ya ukuta mmoja nyuma ya mwingine, wamebana sketi, kama watu wanaovuka mto. Mchungaji alikuja nyuma yao akaanza kukata katikati kama kawaida yake. Nikamwita, "Mchungaji, samahani, zunguka." Akaangalia kibao. Akaniangalia. Akazunguka. Ndani ya nyumba alifungua Biblia akasoma yale maneno ya Isaya ya majani kunyauka, akasoma polepole sana, na kina mama wote wakaangalia sakafu wasicheke.

Ziliponyauka hazikunyauka kwa sababu ya Isaya. Ilikuwa Januari. Unajua jua letu la Januari. Zile nyasi zilianza kuwa na rangi ya gunia kuanzia upande wa barabara, na kila siku zilikuja zikikaribia nyumba. Nikaanza kuzimwagia maji ya tanki. Kidogo asubuhi, kidogo jioni. Halafu si kidogo. Siku moja niliketi mezani, mama yako akaniletea sahani ya isyo. Mahindi na maharagwe yamekaa pale makavu, kama yametoka gunia. Nikauma moja, jino likalia.

"Hii haijaiva," nikasema.

"Haijapikwa," akasema. "Maji ya kupikia yalienda kwa nyasi. Nenda ukaziombe supu."

Kesho yake nilikuta bomba la tanki limefungwa. Unakumbuka kile kizimba cha chuma nilichokitengeneza, cha kuzuia watoto wa jirani wasichezee maji? Nilikichomelea mwenyewe, nikajisifu kwamba hakuna mtu wa kukivunja. Mama yako alikuwa amekitia kufuli na ufunguo ameuvaa shingoni. Nilikaa mbele ya kizimba changu nikakiangalia. Kweli ilikuwa kazi nzuri.

Nikaona kuna maji mamoja ambayo hayawezi kufungiwa, ya kuoga. Yale niliyokuwa napewa kwa beseni ni haki yangu. Basi jioni, giza likianza kuingia, nikawa naoga nimesimama katikati ya nyasi zangu, nimevaa kaptura, nikisogea hatua moja kila siku ili kila mahali papate. Nikadhani hakuna anayeniona. Kilonzo wa jirani alikuwa juu ya paa lake anapigilia bati.

"Baba Mutheu!" akaita. "Unaoga ama unamea?"

Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa likiniuliza kama nimeshatoa majani.

Nacheka nikiandika, lakini wakati ule sikucheka. Mama yako na mimi tulikuwa tunaongea kupitia kuku. "Kuku, mwambie mwenye nyumba chakula kiko mezani." Nilikuwa nimejiambia kwamba nagombania uzuri wa boma letu. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu akipita barabarani aseme hapa kuna mtu. Nimetengenezea watu mageti miaka mingi, mwaitu, na kila mara nikimaliza yanafungwa na mimi nikiwa upande wa nje.

Hapo ndipo ulipopiga simu kusema watu wa Mutua wanakuja na ntheo, wale mbuzi watatu wa kuonyesha kwamba msichana wetu ameulizwa kwa heshima. Mimi jambo la kwanza kufikiria halikuwa wewe, wala Mutua. Nilifikiria wakwe wanatoka mbali, upande wa Mwingi, wakifungua geti wanakuta nyasi zenye rangi ya mkeka mkuukuu. Nikaazima punda wa Kilonzo na mitungi, nikaanza kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani kule mtoni kabla ya kwenda kazini. Siku ya pili punda alikaa chini njiani akakataa kuinuka, na nikamwelewa.

Mama yako aliniona nikiingia nimebeba mtungi mgongoni mwenyewe, punda anafuata nyuma bila mzigo. Akavua ufunguo shingoni akaniwekea mkononi.

"Si kwa nyasi," akasema. "Ni kwa Mutheu."

Na kuanzia hapo alinisaidia. Jioni alishika ndoo upande mmoja, nikashika upande mwingine. Tuling'oa na kile kibao, maana alisema wakwe hawaambiwi usikanyage. Mpaka siku ya wageni, nyasi zilikuwa zimerudi kijani. Si kama za Kitengela, lakini ukifumba jicho moja unaona kijani.

Sasa nikueleze siku yenyewe, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na mashangazi, na desturi hairuhusu uchungulie. Uliniambia ulisikia watu wakicheka huko nje ukadhani ni furaha.

Wageni waliingia wakiimba. Mchungaji akasema kabla ya jambo lolote tuombe. Tukasimama mviringo kandokando ya nyasi, tukainamisha vichwa. Pikapu ya mbuzi ilikuwa imebaki getini, na vijana wa Mutua wakaona wawashushe wanyama wa watu, wamesafiri mbali, wanyooshe miguu. Mchungaji alikuwa ameanza na kuumbwa kwa dunia. Alipofika kwa Nuhu nikasikia sauti. Unajua mbuzi akila nyasi changa, ule mkwaruzo, kama mtu anachana kitambaa. Nikafungua jicho moja. Wote watatu walikuwa katikati ya nyasi zangu, vichwa chini, wanasonga mbele kwa mstari mmoja kama kikundi cha kulima.

Ningefanya nini? Mimi ndiye baba ya msichana. Wakwe wote wamefumba macho. Nikamgusa mama yako kwa kiwiko. Akafungua jicho, akaona, akalifumba tena kwa nguvu, na mabega yake yakaanza kutetemeka kwa kicheko. Mchungaji akapita kwa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wala hakuruka mtu. Mpaka leo naamini alikuwa ameona, na kwamba alikuwa ananizungusha kama nilivyomzungusha. Mbuzi hawakula juu tu. Udongo ulikuwa laini kwa maji yetu, wakawa wanang'oa na mizizi. Mmoja alifika kwenye ukingo wa vinka, akauma jani, akalitema, akapiga chafya, akarudi kwenye nyasi.

Tuliposema amina, boma lilikuwa jekundu.

Halafu mjomba wa Mutua, yule mzee mwenye fimbo na koti la kijivu, akatoka mbele, akaangalia udongo, akaangalia mbuzi, akavua kofia.

"Wakwe," akasema, "nimepeleka ntheo kwa nyumba nyingi. Tumepewa chai, tumepewa nyama. Lakini sijawahi kufika mahali ambapo watu wamepandia mbuzi wetu chakula kabla hawajafika, tena kiangazi kama hiki. Hawa ni watu wa kuoana nao."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi mdomo ulikuwa wazi.

"Sema karibuni," mama yako akaninong'oneza.

"Karibuni," nikasema.

"Sema ilikuwa kidogo tu."

"Ilikuwa kidogo tu," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli.

Jioni mbuzi mmoja alichinjwa, nikapewa nyama ya mbavu. Niliitafuna nikijua vizuri ninakula nini.

Wageni walipoondoka nilikaa kwenye kiti peke yangu, mbele ya ule udongo. Nilikuwa nangoja mama yako aje aseme. Alikuwa na haki ya kusema mpaka asubuhi, na nilikuwa nimetayarisha majibu. Akaja na vikombe viwili, akakaa kwenye kiti cha pili.

"Zilikuwa nzuri lakini," akasema. "Nyasi zako. Jana nilizitazama nikaona zilikuwa nzuri."

Nikamwambia nilikosea kung'oa maua yake bila kumuuliza. Akasema anajua. Tukanywa chai. Kesho yake kuku hawakupewa ujumbe wowote.

Kwa hivyo swali lako. Nyasi zinataka maji kila siku ya kiangazi, zinataka kukatwa, zinataka mtu wa kuzichunga, na jua la Kitui ni kali kuliko la Kasikeu, na bomba lenu mnalijua wenyewe linavyokuja likipenda. Vinka haitaki kitu. Itachanua Januari, itachanua Agosti, mbuzi hawaigusi, na ukisahau kuimwagia maji haikuwekei kinyongo. Usidhani nakufananisha na ua. Mchungaji atafanya hivyo kesho, tena kwa urefu.

Ila nyasi zina jambo moja ambalo maua hayana. Kuna siku mwezi wa Desemba nilirudi mapema nikamkuta mama yako amelala chali katikati ya nyasi, miguu mitupu, leso juu ya macho, analala kabisa. Ilikuwa wakati ule bado hajanisamehe maua yake, na kibao kilikuwa kimesimama hapo juu ya kichwa chake. Nilirudi nje polepole, nikatembea mpaka kwa Kilonzo, nikarudi nikikohoa kwa sauti ili apate wakati wa kuinuka. Sijawahi kumwambia. Juu ya vinka hakuna mtu anayeweza kulala.

Kama ni mimi, ningepanda maua mbele, na nyasi kidogo, kiasi cha mkeka, pale maji ya kuogea yanapotokea. Ndivyo tulivyo sasa sisi wenyewe. Vinka imejiotea mbele yote bila kupandwa na mtu, na nyuma ya bafu kuna kipande cha nyasi kinachotosha viti viwili. Lakini nyumba ni yenu, si yangu. Muulize Mutua anataka kukaa wapi jioni. Na ukikuta kitu kimeota pale ambacho hukukipanda, kabla ya kushika jembe, uliza nani alikileta na kutoka wapi.

Jambo la mwisho. Mashangazi, ambao desturi haiwakatazi kuchungulia, walikuambia kwamba siku ya ntheo, wakati wa maombi, baba yako alilia, na wewe ukanipigia simu wiki ile ukaniambia, "Baba, sikujua unanipenda hivyo," na mimi nikakaa kimya nikakubali sifa. Mwaitu, nilikuwa nalilia nyasi.

Leo nyasi za mbele hazipo, hapa stoo hakuna mbuzi, na mama yako amepita dirishani sasa hivi akachungulia. Ameniuliza kama ni vumbi la mbaazi limeniingia machoni. Nimemwambia ndiyo, ni vumbi. Akaingia, akafunga mlango, na sasa amekaa juu ya gunia lingine, naye vumbi limemwingia.

Ni mimi,
Baba